Walimuuliza anaishi na nani, yeye aliuliza nani alikula na wenye bunduki

Mwanamke akitaka kuongoza, swali la kwanza linalosikika sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji ni lile lile: bwana yake ni nani? Asipokuwa na bwana, linafuata swali la pili, la kumharibia jina. Ni mara chache mtu anauliza alifanya nini na pesa za raia, au alisimama upande gani siku wenye bunduki walipoingia kijijini.

Kolombia, nchi ya Amerika ya Kusini, ina mwanasiasa aliyeulizwa swali hilo kwa miaka mingi na akalijibu bila kujificha. Jina lake ni Claudia López. Anapenda mwanamke mwenzake, amefunga naye ndoa, na watu wote wanajua. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mpaka mwisho wa 2023 alikuwa meya wa mji mkuu Bogotá, wenye wakaaji karibu milioni 8.

Wengi wakisikia hayo wanaishia hapo. Wanacheka, wanakasirika, wanabadilisha stesheni. Hasara ni yao, kwa sababu sehemu inayofuata inawagusa watu waliokimbia Masisi, Rutshuru, Djugu na Fizi kuliko wanavyofikiri.

Nchi yenye vita kama hii

Kolombia si Ulaya. Ni nchi ya wakulima, ya ibada, ya misitu, dhahabu na vita virefu. Tangu 1985, zaidi ya watu milioni 8 wameandikishwa huko kuwa walifukuzwa makwao na vita. Congo nayo ilipita milioni 7 ya wakimbizi wa ndani mwaka 2024. Mama aliyekimbia Chocó na mama aliyekimbia Kitshanga hawajuani, lakini kila mmoja anajua uzito wa godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Waliowafukuza wakulima wa Kolombia walikuwa wa namna nyingi. Kulikuwa waasi wa FARC. Kulikuwa pia wanamgambo waliojiunga mwaka 1997 chini ya jina la AUC, wakisema wanalinda raia dhidi ya waasi. Ulinzi wao ulikuwa kuua wakulima, kuchukua mashamba na kula pesa ya madawa ya kulevya. Wasikilizaji wa huku hawahitaji kuelezwa zaidi. Makundi yenye kuchinja watu yakisema yanalinda watu yanajulikana hapa kwa majina.

Kilichokuwa hakijulikani vizuri ni nani mwenye suti na tai alikuwa nyuma ya bunduki hizo. Hapo ndipo Claudia López anapoingia.

Alihesabu kura, akakuta makaburi

Alizaliwa Bogotá mwaka 1970, mtoto wa mwalimu. Akiwa kijana alikuwa katika vuguvugu la wanafunzi la 1990. Siku ya uchaguzi wa mwezi wa tatu mwaka ule, wapiga kura walikuwa na karatasi sita. Wanafunzi wakawaomba waongeze ya saba, ya kudai katiba mpya. Karatasi hiyo haikuwa na nguvu ya sheria, lakini watu wengi waliitia, na mwaka 1991 katiba mpya ilipatikana.

Baadaye akawa mtafiti na mwandishi wa makala. Mwaka 2005 kiongozi mmoja wa wanamgambo alijigamba kwamba zaidi ya asilimia 35 ya wabunge walikuwa marafiki zao. Wengine walidhani ni majigambo tu. López alichukua matokeo ya uchaguzi wa 2002, wilaya kwa wilaya, akayalinganisha na ya miaka ya nyuma. Halafu akayaweka pembeni ya orodha ya mahali ambapo watu walichinjwa.

Akaona kitu kimoja kinarudi rudi. Pale ambapo wanamgambo walikuwa wameua na kufukuza watu, wagombea fulani ambao zamani hawakuwa na kitu walipata ghafla karibu kura zote. Kijiji kimezikwa, na waliobaki wamepiga kura kwa sauti moja. Sauti hiyo ilikuwa ya bunduki.

Hakuwa peke yake. Waandishi wengine, watafiti, wahanga na majaji walifanya kazi hiyo pamoja. Ilijulikana kwamba mwaka 2001 wanasiasa walitia sahihi mkataba wa siri na wakubwa wa wanamgambo katika sehemu iitwayo Ralito. Mahakama Kuu ikaanza kukamata wabunge mwishoni mwa 2006, na miaka iliyofuata makumi yao walihukumiwa. Seneta mmoja, Álvaro García, alipewa miaka 40 mwaka 2010 kwa mkono wake katika mauaji ya wakulima wa Macayepo ya mwaka 2000. Ni seneta huyo, si askari mdogo aliyetumwa.

Kila msikilizaji ajiulize ni lini alisikia mbunge wa nchi hii amehukumiwa miaka 40 kwa kijiji kilichochinjwa. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa 2010, iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003. Wengi wa waliohusika hawajaona jaji mpaka leo. Kila mwaka wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaandika nani anasaidia makundi yenye silaha, na kila mwaka ripoti inasomwa siku mbili kisha inasahauliwa.

López alilipa kwa kazi yake. Mwaka 2009 gazeti kubwa la El Tiempo liliachana naye baada ya kuandika, katika kurasa za gazeti hilo hilo, kwamba lilikuwa linaripoti vibaya kashfa ya pesa za kilimo. Rais wa zamani alimshitaki kwa kumchafulia jina, na mahakama ikamwachilia. Mwaka 2013 alikimbia nchi kwa sababu ya habari za mpango wa kumuua, wakati alipokuwa akichunguza, pamoja na wenzake, gavana wa La Guajira, Kiko Gómez. Gavana huyo alikamatwa mwaka huo huo, na mwaka 2017 akahukumiwa miaka 55 kwa mauaji.

Kwa hiyo huyu mwanamke anajua kukimbia ni nini. Alikimbia kwa ndege na alikuwa na mahali pa kufikia, tofauti na anayekimbia kwa miguu usiku. Lakini alikimbia kwa sababu aliwataja wenye damu mikononi.

Siku uvumi ulipopiga kura

Alirudi, akagombea useneta mwaka 2014 na chama cha kijani, akapita kwa kura zaidi ya 80,000. Mwenzi wake, Angélica Lozano, alichaguliwa katika baraza la wawakilishi katika uchaguzi huo huo. Watu walikwenda mahakamani kutaka wanyang'anywe viti kwa sababu ya uhusiano wao. Hawakufaulu, na wote wawili walimaliza miaka yao minne.

Mwaka 2016 serikali ya Kolombia na FARC walimaliza kuandika mkataba wa amani, baada ya zaidi ya miaka 50 ya vita. Raia wakaitwa kupiga kura ya ndiyo au hapana tarehe 2 Oktoba. López alikuwa upande wa ndiyo. Wiki chache kabla ya kura, uvumi ulisambaa: eti mkataba una mambo ya mashoga ndani yake, eti utaharibu familia na kugeuza watoto. Mkataba ulizungumzia haki za wanawake na za watu waliobaguliwa ambao vita viliwaumiza. Katika midomo ya wanasiasa na wahubiri fulani, jambo hilo likageuka kuwa vita dhidi ya ndoa.

Hapana ilishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 54,000, katika kura karibu milioni 13. Wengine walipiga hapana kwa sababu nyingine nzito, hasa uchungu wa kuona wakubwa wa FARC hawaendi gereza la kawaida. Lakini uvumi ule ulifanya kazi yake pia.

Na waliokuwa wameumia walisema nini? Bojayá ni sehemu maskini ya Chocó, kando ya mto. Tarehe 2 Mei 2002 raia walikuwa wamejificha kanisani wakati FARC na wanamgambo wanapigana. Bomu la FARC lilianguka juu ya kanisa. Makumi ya watu walikufa, wengi watoto. Miaka 14 baadaye, watu wa Bojayá walipiga ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Waliotaka vita viishe ni wale waliozika. Wengi waliosema hapana walikuwa mbali na risasi.

Mkataba ulirekebishwa na kupitishwa bungeni mwezi wa Novemba, lakini somo linabaki. Mtu mwenye faida katika vita akikosa sababu ya kukataa amani, ataleta habari ya kitanda cha mtu mwingine. Akikosa jibu juu ya shamba aliloiba, atalia kwamba familia iko hatarini. Familia kweli iko hatarini. Iko chini ya shiti, kwenye mvua, na aliyeiweka pale hakuwa shoga wala lesbiani. Alikuwa mtu mwenye bunduki na mtu aliyeinunua bunduki hiyo.

Kura ya dhidi ya wizi

Mwezi wa Agosti 2018, López na Lozano waliongoza kura ya nchi nzima dhidi ya ufisadi. Raia waliulizwa maswali saba, kati yao kupunguza mishahara ya wabunge, kuzuia mbunge kukaa zaidi ya vipindi vitatu, na kuwapeleka wezi wa mali ya umma gerezani bila ruhusa ya kutumikia kifungo nyumbani. Watu milioni 11.6 walipiga kura, na karibu wote walisema ndiyo. Sheria ilidai milioni 12.1. Kura ikaanguka kwa upungufu mdogo. Bunge lilipitisha sheria chache kutoka katika maswali yale, na lile la mishahara yao likabaki njiani. Nyani haoni kundule.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Oktoba 2019, López alishinda umeya wa Bogotá kwa kura zaidi ya milioni 1.1. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na raia kwa kiti hicho. Usiku ule alimbusu Angélica mbele ya kamera, na picha ikazunguka dunia. Mwezi wa Desemba walifunga ndoa, kama sheria ya Kolombia inavyoruhusu tangu 2016. Siku ya kuapishwa alikwenda kwa baisikeli.

Picha ya busu ilitazamwa na mamilioni. Ni wangapi kati yao walitaka kujua alichofanya Jumatatu iliyofuata?

Jambo lake kubwa katika umeya ni vituo vya matunzo, vinavyoitwa kwa Kihispania Manzanas del Cuidado. Jiji lilihesabu kwamba wanawake wapatao milioni 1.2 wa Bogotá wanashinda kutwa wakilea watoto, wazee na wagonjwa bila malipo. Basi jiji likaweka huduma mahali pamoja, karibu na nyumba za watu. Mama anafika na nguo chafu, zinafuliwa. Mtoto au mzee wake anatunzwa. Yeye mwenyewe anamaliza shule aliyoiacha, anaona mwanasheria, anazungumza na mshauri wa mambo ya moyo, au anakaa tu apumzike. Mwaka 2020 vilianza Ciudad Bolívar, mtaa wa milimani kusini mwa mji, ambako watu wengi waliokimbia vita walijenga vibanda.

Wazo hilo halidai utajiri wa Ulaya. Linadai kiongozi anayejua kwamba msichana anayeamka saa tisa ya usiku kutafuta maji na kuni hawezi kwenda shule asubuhi. Nani kati ya wale wanaopiga kelele juu ya heshima ya mwanamke wa Kiafrika amejenga hata chumba kimoja cha namna hiyo katika kambi?

Pale alipokosea

Kusema haya si kumfanya mtakatifu. Akipimwa kwa kazi, apimwe kwa kazi yote.

Wakati wa korona aliwafungia wakaaji majumbani, halafu yeye na mke wake wakaonekana dukani pamoja kinyume cha amri. Aliomba msamaha na kulipa faini. Hilo ni dogo.

Kubwa ni maneno yake juu ya wakimbizi wa Venezuela. Mwaka 2020, akizungumza juu ya uhalifu, aliwanyoshea kidole Wavenezuela kwa namna iliyowaumiza maelfu ya watu waliokuja kutafuta kazi na usalama. Mtu aliyekimbia anajua neno kama hilo linafanya nini: kesho yake mwenye nyumba anakufukuza. Kiongozi aliyechafuliwa jina kwa jinsi alivyo alipaswa kuwa wa mwisho kuchafua wengine kwa mahali walipotoka.

Lingine ni la Waemberá, watu wa asili waliofukuzwa na vita kutoka Chocó na Risaralda. Mwezi wa Septemba 2021 mamia yao walipiga kambi katika bustani kuu ya Bogotá wakidai nyumba au njia salama ya kurudi. Walikaa miezi, katika baridi ya mji wa mlimani, na watoto wadogo, wakivutana na serikali ya jiji na ile ya taifa. Waliondoka Mei 2022. Meya alisema taifa halikutimiza wajibu wake. Huenda ni kweli, lakini mtoto anayelala nje hapati joto kwa mabishano ya ofisi mbili. Mtu aliyelala Bulengo au Kanyaruchinya anaijua ladha ya jibu hilo.

Tena polisi. Mwezi wa Septemba 2020 mwanasheria Javier Ordóñez alikufa baada ya polisi wa Bogotá kumpiga na kumchoma kwa kifaa cha umeme. Watu waliandamana, polisi wakafyatua risasi. López aliwashutumu polisi hadharani, na jiji likaomba uchunguzi huru. Ripoti yake ilihesabu wafu 14, na 11 kati yao iliwahusisha na polisi. Wakosoaji wake walisema meya ndiye mkubwa wa polisi mjini kwa sheria, kwa hiyo lawama nayo inamfikia. Lakini ni mara ngapi mkubwa wa mji hapa Congo ameomba wafu wa maandamano wahesabiwe kwa majina?

Haya ndiyo makosa ya kumuuliza. Hakuna hata moja linalotokana na mtu anayekula naye chakula cha jioni.

Kipimo kimoja

Wapo watakaojibu kwamba maandiko yanakataza, na kwamba desturi inakataza. Kila mtu ana haki ya kushika imani yake. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Congo kinazungumza juu ya ndoa ya mtu na mwenzake wa jinsia nyingine, na kinajulikana. Lakini hakuna imani inayomkataza muumini kuuliza pesa za msaada zimekwenda wapi. Amri ya usiibe na ile ya usiue ziko katika kitabu kile kile, na juu ya hizo mbili mahubiri ni machache sana wakati wa kampeni.

Na kuna jambo la kuliweka wazi. Mtu aliyechomewa nyumba kwa sababu ya kabila yake anajua maana ya kuhukumiwa kwa alivyozaliwa kabla hajafungua mdomo. Katika kambi na mitaa ya nchi hii wako pia wanawake wanaopenda wanawake. Wamekimbia risasi zile zile, wamepanga foleni ile ile ya unga. Anayewageuzia matusi anatumia fimbo iliyompiga mwenyewe.

Katika uchaguzi wa Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Mwezi uliofuata tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta wagombea 82 kwa mambo kama wizi wa kura na kukaa na mashine za kupigia kura majumbani. Walikuwemo wakubwa wa serikali. Hakuna hata mmoja wao aliyefutwa kwa sababu ya mapenzi. Walifutwa kwa kuiba sauti ya raia.

Siku ya uchaguzi itarudi. Wagombea watakuja na fulana, chumvi na sabuni, na watajisifu kwamba wana bibi na watoto wanane. Waulizwe mengine. Ni nani aliyelipa magari yenu? Mlikuwa wapi siku kijiji kilipochomwa? Ni kamanda gani anayewapigia simu usiku? Mashamba ya waliokimbia yako mikononi mwa nani leo? Na matokeo ya kila kituo yahesabiwe na kuwekwa pembeni ya orodha ya makaburi, kama yule binti wa mwalimu alivyofanya Kolombia.

Atakayejibu vizuri, mwanaume au mwanamke, apewe kura. Atakayekimbilia kuzungumza juu ya kitanda cha jirani, wasikilizaji wajue kuna kitu anaficha chini ya kitanda chake.